Tiketi ya Kwenda Urambo

Mheshimiwa Bwana DC, Bwana Twalibu mkuu wetu wa stesheni, Padri, mafundi wa karakana, wapagazi, na ninyi akina mama mlioamka alfajiri kutupikia pilau: shikamooni wakubwa, hamjambo wenzangu.

Bwana Twalibu amenisifu mpaka nikageuka kutazama kama anamsema mtu mwingine. Amesema mimi, Nikolaus, ninayestaafu leo, nimekuwa gadi wa treni miaka ishirini na sita bila ajali. Mkapiga makofi. Ni kweli, vitabuni hakuna ajali. Mtu akianguka kutoka kwenye ngazi ya behewa huandikwa kwamba alikaidi tangazo, na jalada linafungwa.

Tangazo lenyewe mnalijua, maana nimelipigia kelele kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi mpaka sauti ikakauka. Usipande treni ikiwa inatembea. Usitoe kichwa dirishani. Usiweke mzigo mlangoni. Usisimame kwenye ngazi. Ni nani hapa hajanisikia? Na ni nani hapa niliyewahi kumwuliza kwa nini amesimama pale?

Marehemu baba yangu alikuwa mpagazi wa misafara. Alikwenda pwani na kurudi kwa miguu mara nne. Aliniambia kwamba njiani kila mtu alikuwa na nafasi yake, na mwanamume aliyesafiri na mama mkwe wake alitangulia mbali, hata mama yule asisikie nyayo zake. Kwetu hiyo ndiyo heshima: humkaribii, humtazami usoni. Nimekua nayo. Kisha nikavaa kofia hii ya gadi, nikaisahau heshima ile.

Miaka sita iliyopita binti yangu Apolinaria alijifungua kule Urambo. Mumewe, Masolwa, akaja Tabora kumchukua mke wangu Josepha akamwangalie mzazi. Nikawakatia tiketi mimi mwenyewe, nikawapakia mimi mwenyewe behewa moja la daraja la tatu, kwenye mabenchi yanayotazamana, goti kwa goti. Nilijiona nimewatendea wema.

Gadi wa safari ile nilikuwa mimi; tulipokaribia stesheni ya Usoke nikaona mtu kwenye ngazi. Treni iliposimama nikamfuata, nimewaka.

"Masolwa! Mkwe wa gadi unaning'inia mlangoni? Nani atanisikiliza tena mimi?"

"Baba, mama yumo humu ndani."

"Nimesema ingia."

"Ndiyo, baba."

Behewa la nyuma yake lilikuwa nusu tupu. Ndugu zangu, neno moja tu, "Hamia kule," lingetosha. Lakini abiria walikuwa wananitazama, nami nilikuwa nimekwisha kuwagombeza wengine kwa kuhamahama. Akaingia. Nikapunga bendera ya kijani. Naye akapita katikati ya mizigo, kichwa ameinamisha, akatokea mlango wa upande wa pili, akasimama kwenye ngazi ya kule. Kwenye kona, baada ya Usoke, akaanguka. Josepha ndiye aliyepiga ukelele. Tulimkuta angali hai. Akaniomba radhi. Mimi! Akafa kabla hatujampandisha kwenye treni.

Bwana DC, nasikia linakuja tangazo jipya, tena lina picha. Libandikeni. Ninyi vijana mnaopokea bendera zetu, mkimkuta mtu kwenye ngazi, mwulizeni kwanza, halafu ndipo mfoke. Nayasema haya na moyo wangu hauna tumaini, kwa kuwa nami niliambiwa sababu, kwa sauti ya adabu kabisa, na sikusikia.

Mmenizawadia saa ya ukutani, na tiketi ya daraja la pili kwenda Urambo, nikapumzike kwa binti yangu. Kwa saa, nashukuru. Tiketi, Bwana Twalibu, nairudisha. Apolinaria yule pale, karibu na bohari, na mwanawe. Amekuja kumwona mama yake. Wametembea siku nne, maana tangu siku ile hajakanyaga treni, wala hajaniamkia. Kesho wanarudi kwa miguu, na Josepha anafuatana nao. Hawakuniita. Nami nitakwenda nyuma yao, mbali kidogo, wasisikie nyayo zangu.

Mmenivumilia hadi neno la mwisho. Asanteni kwa kunisikiliza. Mimi kusikiliza kulinishinda.