Lori Alilopanda Romana

Benchi la stesheni ya Mpanda lilikuwa la umma, ila kila asubuhi lilikuwa na wenyewe watatu. Damiano, waliyemwita Hakimu kwa kupenda kuwakatia watu kesi wasizompelekea, alikaa penye kivuli. Kalisti, karani mstaafu wa posta aliyebaki na jina la Bwana Stempu, alikaa katikati. Makarius Sikio alikaa upande wa barabara, maana lori likiwa bado kona ya Nsemulwa yeye alishakutajia ni la nani, nani anaendesha, na gia ipi inamsumbua. Nyuma yao, kwenye jiko la mkaa, Romana aliwauzia kahawa na maandazi, akawasikiliza wakimzungumzia.

Walikuwa na la kuzungumza. Anselmo, mtoto wa hapo hapo Nsemulwa ambaye gitaa lake sasa lilichezwa nchi nzima, alikuwa anarudi Jumamosi na bendi yake, mara ya kwanza tangu mwaka sabini. Kilichompa jina ni wimbo mmoja: amesimama mlangoni pa Romana analowa mvua, na Romana kapanda lori la mwanamume mwingine. Kwa miaka sita redio ilitaja vitu viwili tu vya Mpanda, bei ya tumbaku na Romana. Watoto wakimwona njiani walimpigia honi kwa midomo. Posa mbili zilikuja kwao, zikarudi zilikotoka. Na sasa kamati ya mapokezi ilimtuma mjumbe wa nyumba kumi amwambie asimame stesheni na shada la maua, amvishe mgeni. Leo alitakiwa kujibu.

Damiano alishahukumu kwamba hiyo ni heshima.

— Ningekuwa wewe ningedai na kiti cha mbele.

Romana akamimina kahawa. Kikombe kikajaa, halikumwagika tone.

Kalisti akasema wanamlaumu binti wa watu bure, kwani gitaa halisongi ugali. Damiano akadai anajua zaidi: huko Dar Anselmo ana wake watatu, na wote kawabadili majina, kila mmoja anaitika Romana. Makarius akawaonea huruma kwa kutojua kwao. Anselmo hana mke, akasema. Kila mwaka huja Mpanda kwa siri, kavaa kofia ya mkagua tiketi, anakunywa kahawa benchi hili hili, anamtazama Romana, anaondoka na treni. Wenzake wakatafakari, wakaanza kuwakumbuka wakagua tiketi wote waliowahi kuketi nao.

Ndipo akafika Thacienne, binti wa Kirundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Katumba, aliyekuja kungoja mzigo. Akanunua andazi, akauliza huyo Anselmo ni nani. Wakamsimulia wote watatu kwa pamoja, Kalisti akaimba na kipande cha mvua. Binti akasikiliza, akameza.

— Na mwenye lori, wazee wangu, ni nani?

Kalisti akacheka, akamgeukia Makarius. Mambo ya malori ni yake. Makarius akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka sabini malori ya Mpanda yalikuwa matano. La misheni aliliendesha Bruda mwenye miaka sabini. La ushirika wa tumbaku, dereva wake alikuwa shemeji yake Makarius mwenyewe. Mawili ya mwenye duka la chumvi yaliendeshwa na wanawe, na wake zao wangeshasema. La tano lilikaa juu ya mawe mwaka mzima. Vidole vikaisha, mtu hakupatikana.

— Labda lilitoka Sumbawanga, Damiano akasema.

— La Sumbawanga ningelisikia.

Alilisema taratibu, kama mtu aliyekosewa adabu na masikio yake mwenyewe. Miaka sita alikuwa akiimba wimbo ule.

Romana alikuwa ameshika koleo la mkaa. Swali lile alilingoja mwaka wa kwanza, na wa pili, kisha akaacha.

— Romana, mwanangu, Kalisti akasema, uliondoka na nani?

— Sikuondoka, baba. Nipo hapa. Yeye ndiye aliyepanda treni ya Jumanne, na gitaa nilimbebea mimi mpaka kwenye behewa. Mvua nayo haikuwepo. Ulikuwa mwezi wa nane.

Wote watatu walilima mpunga, hata karani. Mwezi wa nane waliujua.

Thacienne akaomba kahawa. Romana akalitikisa birika, tupu.

— Mkimwona mjumbe mwambieni Jumamosi nitakuja, akasema. Shada alishike mtu mwingine. Mimi nitakuja na swali la huyu binti.

Kule Nsemulwa lori likaanza kupanda. Damiano na Kalisti wakamgeukia Makarius, kama kawaida. Makarius akatazama mashapo ya kikombe chake, asitaje ni la nani.