Matrida Enoka, Aliyemtafuta Baba Chini ya Ziwa

Marehemu Matrida Enoka alizaliwa Butiama tarehe 9 Agosti 1976, kifungua mimba wa mzee Enoka Wanzagi na mama Sabina.

Mwaka 1988 baba yake, aliyekuwa akivua Musoma kwa mtumbwi wa tajiri mmoja, hakurudi. Mtumbwi na injini navyo havikuonekana, maneno yakazagaa kwamba amejiunga na maharamia wa ziwani. Aliyepotelea majini huzikiwa mgomba badala ya mwili; wazee wa ukoo wakakataa. "Mwizi hatumzikiagi mgomba," wakasema. Matrida, binti wa miaka kumi na miwili, akawajibu, "Basi nitamtafuta." Wakacheka.

Alisoma shule ya msingi Butiama, sekondari Bunda, na akiolojia Dar es Salaam. Aliajiriwa katika idara ya mambo ya kale, akachunguza historia ya uharamia ziwani kwa kuzamia vyombo vilivyozama.

Mwaka 2003 alifunga ndoa na mwalimu Gody, Bunda. Gody anaogopa maji hata ya beseni, lakini hakukosa kumngoja ufukweni na chupa ya chai. "Wenzangu wake zao wako jikoni," alimtania, "wangu mimi namsubiriaga atoke kwa kambale!"

Mwaka 2019, nje kidogo ya Musoma, Matrida aliufikia mtumbwi uliotobolewa kwa shoka, mahali pa injini pamekatwa kwa msumeno. Ndani mlikuwa na buti la mpira, kamba imelizunguka na kukazwa kwenye ubao wa kukalia. Buti lilipoletwa nyumbani, mama Sabina akapapasa kiraka kilichokuwa juu yake. "Hiki nilikibandika mwenyewe. Walimfunga, mwanangu. Hakukimbia." Wazee walewale wakaomba radhi na kuchimba kaburi kwa mikono yao, buti likazikwa pamoja na mgomba. Siku hiyo Matrida alilia, kisha akacheza ngoma mpaka viatu vikamshinda.

Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Akiwa kitandani alimwambia binti yake, Lilian, "Mitumbwi bado iko mingi kule chini. Kuna watoto wanaambiwaga baba zao ni wezi." Lilian amehitimu kuzamia, mwezi Mei anaingia majini. Matrida alifariki Musoma tarehe 16 Februari 2025.

Ameacha mume, mama, binti na mdogo wake Fredi. Leo analazwa kando ya kaburi ambalo bila yeye lisingechimbwa. Apumzike kwa amani. Baba aliyemtafuta yuko ubavuni pake.