Jiko Kwanza: Mama Ndimbo na Ngokela ya Majengo

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu, Mama Vitalia Ndimbo, Fundi Sanifu Mkuu wa majengo katika idara yetu ya ujenzi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Anaondoka akiwa na afya njema, na sauti ile ile inayosikika mpaka getini, na tepu yake ya kupimia ambayo hakuwahi kumwazima mtu yeyote, mkuu wa idara akiwemo.

Alizaliwa Litembo kwenye baridi, na serikali kwa ucheshi wake ikampangia kituo cha kwanza Lipingo, ziwani, kwenye joto. Siku hizo ramani ya nyumba ya mwalimu ilikuwa moja tu, ijengwe mlimani au ufukweni. Mlimani walimu walilala na makoti, ziwani walitoa magodoro nje. Mama Ndimbo aliomba nyumba moja tu igeuzwe ili madirisha yapokee upepo wa ziwa. Akaambiwa ramani haibadilishwi. Akajibu kwamba ramani hataigusa, atageuza nyumba. Mwalimu aliyehamia humo bado humletea usipa, dagaa wa ziwani, kila anapopanda Mbinga. Imani yake ilianzia hapo, na hajaiacha: jengo likikosewa, anayeishi ndani hulipia kosa hilo kila siku kwa kuni, mkaa na umeme.

Alipohamishiwa hapa mjini Mbinga alikuta kazi inamsubiri. Mji wetu una baridi, na kila gesti hujinadi kwa maji ya moto ya kuoga. Maji hayo yalichemshwa kwa kuni na mkaa alfajiri na jioni. Maduka yaliwasha taa mchana kwa sababu madirisha yamezibwa na bidhaa, na umeme ukikatika jenereta zilinguruma mtaa mzima. Ofisini kwetu nako hapakuwa na la kujivunia. Basi ilipokuja habari ya kupunguza hewa ya ukaa kwenye majengo ya mji kwa hiari, serikali na wafanyabiashara bega kwa bega, tuliitisha vikao. Tulivifanya vizuri mno. Soda zilinyweka, picha zilipigwa, kila mtu aliahidi, na Jumatatu moshi ukapanda kama kawaida.

Siku moja, kikao kikiwa kimenoga, Mama Ndimbo alisimama akasema hajawahi kumwona Mmatengo akichimba ngoro kwa vikao. Kwa wenzetu waliohamia kutoka mikoa mingine, ngoro ni yale mashimo ya kilimo yanayozuia udongo wa milimani usiporomoke. Kazi yake ni nzito, kwa hiyo huitishwa ngokela: leo majirani wote wako shambani kwako, kesho nawe uko kwao, na mwenye shamba hulisha watu na kuwanywesha pombe. Hakuna anayelazimishwa, ila asiyekwenda kwa wenzake atalima peke yake. Akapendekeza majengo nayo yafanyiwe ngokela. Mwenye jengo atoe vifaa na chakula, idara itoe mafundi na ushauri, wengine wote walete mikono. Majengo ya umma yapange foleni pamoja na ya watu binafsi. Na kwa kuwa wenye maduka wengi ni Waislamu, pombe ikaondolewa na togwa ikachukua nafasi yake. Wazee wachache wa Kimatengo walinung'unika, lakini walikuja.

Zamu ya kwanza iliangukia gesti ya Mzee Masoudi Azizi, aliyefika Mbinga akiwa kijana kutoka Kilwa na hajarudi tena. Watu walifurika. Mkewe, Mama Mwanakombo, kwa ukarimu wa kwao, akapanga mafiga uani na kupikia umati wote pilau kwa kuni. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba mafundi walishuka darini wakikohoa. Tulikwenda kupunguza kuni, tukateketeza kwa siku moja kuni ambazo gesti ile ingetumia wiki nzima. Mama Ndimbo aliketi juu ya mfuko wa saruji akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alimaliza kwanza pilau yake, maana ilikuwa tamu, kisha akatangaza sheria pekee tuliyonayo hadi leo: jiko kwanza. Jiko banifu lifungwe kabla ya kazi nyingine yoyote, na chakula cha ngokela kipikwe juu yake. Tangu siku hiyo hakuna kazi inayofanywa haraka kama kufunga jiko.

Ugumu ulikuwa kwenye maji. Mzee Masoudi alikubali paa lake libebe mtambo wa kuchemsha maji kwa jua, huku akisema jua la Mbinga mwezi wa saba ni la kuazima. Aliweka sharti kwamba Mama Ndimbo aje aoge mwenyewe asubuhi, na wenye gesti wenzake wakae barazani kusubiri matokeo. Mama akaja na taulo lake. Alipotoka, watu wote walitarajia kusikia sifa. Yeye akasema maji ni vuguvugu, hayafai kuuziwa mgeni, na kwamba tangi limepoteza joto usiku. Palepale akaagiza tangi lizungushiwe sanduku la mbao lililoshindiliwa maganda makavu ya kahawa, ambayo hapa kwetu yalikuwa ya kutupa. Kesho yake Mzee Masoudi alioga mwenyewe, na alichelewa sana kutoka. Hata hivyo husema si maji ya moto yaliyomshawishi, bali mama aliyetoka bafuni akitetemeka na bado akamwambia kweli. Wenye gesti wengine walifuata mmoja mmoja. Leo maduka mengi yana bati la kupitisha mwanga, ofisi yetu haiwashi taa mchana, na wenzetu wa ziwani wamekuja kujifunza, wao wakitafuta ubaridi.

Lakini ngokela yetu haina sheria nyingine, haina katiba wala mwenyekiti. Ilikuwa na sauti ya Mama Ndimbo. Kila Ijumaa ni yeye aliyepiga simu, akabembeleza, akagomba, akatania. Alipotangaza kustaafu, mji ulisema ngokela nayo inastaafu. Maneno hayo yalimuuma. Alituambia ofisini, safari hii bila kucheka, kwamba ikifa akiondoka, basi haikuwahi kuwa ya mji, zilikuwa kelele zake tu.

Mwezi uliopita, zamu ikiwa ya ukumbi wa soko, hakumpigia mtu simu, na hakutuambia kwamba ni makusudi. Jumamosi alikaa nyumbani akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Uvumilivu ukamshinda, akachukua kikapu akajifanya anakwenda kununua mboga. Akakuta watu wako juu ya paa. Mzee Masoudi alikuwa amezunguka mji kwa bodaboda tangu jana yake. Mama Mwanakombo alikuwa kwenye jiko jipya, maharage yanachemka, moshi hakuna. Bati moja lilikuwa limepinda. Mama Ndimbo aliliona akanyamaza, jambo ambalo sisi tunaomfahamu tunalihesabu kuwa la kihistoria. Alinunua mchicha kweli, akageuza. Muuza mchicha alitujia baadaye kutoa pole, akidhani mama yetu amefiwa, kwa jinsi alivyolia.

Mama, tunakushukuru kwa ukali wako, vicheko vyako na ukweli wako. Tulikupenda, na tutakukosa vibaya. Umekwenda kwenye zamu za watu wote na yako hujawahi kuichukua, kwa kuwa ulikaa nyumba ya kupanga. Sasa nyumba yako ya Litembo imeezekwa. Jumamosi ya kwanza ya Julai tunapanda huko sote. Mzee Masoudi amekwisha kuzunguka, na maganda ya kahawa yako kwenye magunia. Usimpigie mtu simu. Tepu yako iache kabatini.

Mungu akujalie siku nyingi zenye amani, na maji ya moto kila asubuhi. Andaa togwa, lakini usiinjike sufuria mpaka tufike. Sheria uliitunga mwenyewe: jiko kwanza.

Florian Hyera, kwa niaba ya wenzako wote