Lorine Nafula Makokha, Wakala wa Nyumba Aliyeacha Leseni Ukutani

Lorine Nafula Makokha alizaliwa tarehe 9 Mei 1984 huko Pumwani, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Josephat Makokha, aliyefanya kazi kiwandani mtaa wa Baba Dogo, na marehemu Mama Annah. Wengi waliofika hapa makaburini Lang'ata leo walimjua kama wakala wa nyumba. Wengine walimjua kama tapeli wa nyumba, na wamekuja kuhakikisha amezikwa. Familia inawakaribisha wote, na inaomba wasikilize mpaka mwisho, kwa sababu Lorine hana tena mahali pengine pa kutetewa.

Alisoma shule ya msingi na ya upili huko Eastlands, mashariki mwa Nairobi. Mzee Makokha alipoachishwa kazi, karo iliyopatikana ilitosha mtoto mmoja. Dada yake, Triza, aliyekuwa darasa la tatu, alitolewa shule akamsaidie mama kuuza githeri kwenye lango la kiwanda, ili Lorine aingie darasa la kwanza. Hakuna aliyemuuliza Triza. Lorine alimaliza kidato cha nne mwaka 2002, akaajiriwa kupokea wageni katika ofisi ya kukodisha nyumba, na jioni akasoma chuo mpaka akapata digrii mwaka 2014.

Leseni ya uwakala ilichukua miaka mitatu zaidi. Mara ya kwanza alipohojiwa na bodi ya mawakala, alirudishwa akaongeze uzoefu. Mara ya pili, mwezi Juni 2017, aliipata. Siku hiyo alipitia kibandani kwa Triza kabla hajafika kwake. Triza alipangusa mikono kwenye aproni, akaishika ile karatasi kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Jina letu liko wapi hapa?"

"Hapa, dada." Lorine alimshika kidole, akakipitisha juu ya herufi. "Hii yote, mpaka hapa."

"Refu hivi? Ndiyo maana wamekuzungusha!"

Walicheka mpaka githeri ikashika chini.

Mwaka 2009 Lorine alifunga ndoa na Bwana Mbuthia, seremala wa Buruburu, na Mungu akawajalia binti mmoja, Warigia. Leseni huhuishwa kila mwaka, na Desemba nyumba nyingine zikinukia pilau, Lorine alikuwa mbioni kukamilisha mafunzo na hesabu zilizotakiwa. Mbuthia alizoea kuwaambia wageni, "Nimeoa wawili, na huyu wa karatasi ndiye mwenye wivu."

Kazi yake kubwa aliifanya Buruburu, katika ofisi ya Tobias Wanyonyi. Huyu ni mtu wa kwao, aliyesimamia michango ya mazishi ya Mzee Makokha na kubeba jeneza lake. Wanyonyi alikuwa na ofisi na wenye nyumba waliomwamini, ila leseni hakuwa nayo. Lorine alikuwa na leseni, ila ofisi hakuwa nayo. "Wewe weka jina, mimi naweka ofisi," Wanyonyi alimwambia. Kwa miaka mitano walifanya kazi bila lawama. Mwezi Agosti 2023, Lorine aliaga aende kufungua ofisi yake mtaa wa Lucky Summer. Wanyonyi alimsihi aiache leseni ukutani mpaka mwaka uishe, wenye nyumba wasije wakashtuka. Lorine alikubali. Angemkatalia vipi mtu aliyembeba baba yake mabegani?

Jumamosi moja ya Novemba, familia tatu zilifika na mikokoteni yao kwenye lango moja la Buruburu.

"Dada, umepotea. Hii nyumba nilionyeshwa Jumatano," alisema Kavata, mama wa watoto wanne, akiwa ameshikilia jiko la gesi.

"Na mimi Alhamisi. Ufunguo si huu?"

"Hata mimi ninao!"

Wakajaribu. Funguo zote tatu zilifungua. Mwenye mkokoteni mmoja akacheka, "Leo nyumba imekuwa keja ya ushirika!" Kisha wakatazama stakabadhi zao, na kila moja ilikuwa na jina la Lorine na nambari ya leseni yake. Simu ya Wanyonyi, aliyewapa funguo, ilikuwa imezimwa. Walipompigia Lorine, alikuja. Hakukimbia.

"Kumbe ndiwe?" Kavata alimwambia. "Na uso wa kanisani hivyo!"

Familia ya tatu ndiyo iliyoingia, kwa kuwa ilikuwa na nguvu zaidi. Ya pili ilirudi ilikotoka. Kavata na watoto wake walilala sebuleni kwa Lorine wiki mbili. Baadaye naye alitia sahihi malalamiko kwenda kwa bodi, na hatumlaumu. Stakabadhi yake ilikuwa na jina moja tu.

Wanyonyi alipopatikana, alisema, "Nafula, wewe ni mtoto wa nyumbani. Nyamaza kidogo, haya tutayamaliza kama ukoo." Wazee wa ukoo wakaunga mkono, na baadhi yao wamekaa chini ya hema hili leo. Lorine alinyamaza akiwangojea. Hawakukaa kikao hata kimoja. Februari 2024 leseni yake ilisimamishwa. Akachekwa sokoni, akaacha kuimba kwaya, Warigia akaitwa shuleni mtoto wa konmeni, yaani wa tapeli. Kamati ya mazishi iliomba sehemu hii iondolewe. Familia imekataa.

Lorine aliugua shinikizo la damu tangu mwaka huo. Agosti 2025 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukakosa nguvu, na maneno yakawa yanatoka kwa shida. Bodi ilikuwa imempa siku ya kusikilizwa, tarehe 21 Oktoba. Kila asubuhi alijizoeza na Mbuthia kusema sentensi moja: "Sikukodisha nyumba hiyo." Kufikia mwisho wa Septemba aliweza kuisema yote bila kupumzika. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Oktoba, akiwa na miaka arobaini na mmoja.

Juzi Triza alikwenda mwenyewe kwenye bodi akaomba kusema badala yake. Karani alimpokea kwa heshima.

"Pole sana, mama. Lakini leseni ni ya mtu mwenyewe. Akishafariki, faili inafungwa."

"Inafungwa ikisema nini?"

"Ikisema vile ilivyokuwa."

Kutoka hapo alipitia Buruburu. Wanyonyi amefungua tena, na ukutani pana leseni ya msichana mwingine. Triza alimwonya asiiache pale. Msichana alitabasamu. "Usijali, auntie. Mzee ni mtu wetu wa nyumbani."

Lorine ameacha mume, Mbuthia, binti, Warigia, na dada, Triza, ambaye hana tena mtu wa kumsomea jina lao. Hakukodisha nyumba ile. Mungu ampe amani, maana huku kwetu hakuipata.