Siku Tuliyojibu "Hai" kwa Sauti Nne

Mgeni rasmi, Bi. Kaori Nishimoto, Mkurugenzi wa Wakfu wa Hanazono wa Lugha na Utamaduni wa Kijapani, Pasta Kaleli, mwenye ukumbi huu, Chifu wetu, Mwalimu wetu, Ndanu Kyengo, wazazi, majirani, na nyote mliofuata harufu ya pilau: hamjambo, na konnichiwa.

UKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa Darasa la Kijapani la Theta na Ruiru tunakukaribisha kwa mikono miwili na kwa viuno vilivyoinama. Tumefanya mazoezi ya kuinama kwa wiki mbili. Wengine walizidisha, ndiyo maana Mzee Kahiga hakusimama ulipoingia. Si dharau, ni mgongo.

Tumeambiwa kwamba unakielewa Kiswahili vizuri, hata kile cha mtaani. Jambo hilo limetufurahisha sana. Pia, kwa sababu utakazozisikia punde, limetutia hofu kidogo. Tunakuomba uendelee kuketi mpaka mwisho.

HISTORIA YA DARASA

Darasa hili lilianzishwa na gari. Mzee Kahiga, mkaazi wa Membley na mwalimu mkuu mstaafu, alinunua gari lililotumika Japani. Kila asubuhi akiliwasha, sauti ya mwanamke ilimsemesha maneno machache ya upole, kisha ikanyamaza. Mzee hakujua inasema nini, lakini alilelewa vizuri, kwa hivyo aliijibu.

Siku moja alisimama Ruiru kununua trei mbili za mayai kwa Ndanu Kyengo. Ndanu ni mzaliwa wa upande wa mashariki ya Thika. Alikuwa amerudi kutoka Japani, alikofanya kazi miaka mitatu katika kiwanda cha kupakia vyakula. Alirudi na lugha nzima kichwani na hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Mzee alipowasha gari aondoke, sauti ikasema, na Ndanu akacheka mpaka akaweka trei chini.

"Unacheka nini, msichana?"

"Nacheka gari yako, mzee. Inasema hujaweka kadi."

"Kadi gani?"

"Ya kulipia barabara."

"Barabara gani hizo?"

"Za Japani."

Mzee Kahiga alizima gari. "Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili nimedhani inaniombea safari njema. Kila asubuhi mimi huijibu Amina."

Alirudi kesho yake, si kwa mayai. Alitaka kujua mwanamke yule husema nini akirudi nyuma, na husema nini akikaribia ukuta. Wiki iliyofuata alikuja na mjukuu wake Ciku, na Ciku akaja na rafiki yake Eddie. Pasta Kaleli alitupa ukumbi huu kila Jumanne na Jumamosi. Kufikia Julai mwaka jana tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja. Tafadhali ikumbuke hesabu hiyo, mgeni rasmi.

JAMBO LISILOKUWA KWENYE RATIBA

Mwaka jana Wakfu wako ulitangaza kwamba mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wasiopungua thelathini angeweza kupelekwa Osaka, asomee ualimu kwa wiki sita, arudi na cheti na vitabu. Mwalimu Ndanu alisoma tangazo hilo, akalikunja, akalitia mfukoni. "Sisi ni kumi na mmoja," akasema, akaendelea na somo.

Mgeni rasmi, tulimwona alivyolikunja. Alilikunja kama mtu anayefunika chakula cha mwenzake. Hakujua kwamba nakala nyingine ilikuwa kwa simu ya Ciku. Tuliandika maombi kwa niaba yake, na mahali pa idadi tukaandika thelathini na nne. Aliyeandika ni katibu, Idah Wamboi, ndiye huyu anayekusomea.

Tulidhani mtajibu kwa barua. Mlimtuma afisa wenu, Bwana Tsuda, aje ahesabu.

Tulipata habari siku tatu kabla: angekuja Jumamosi. Kwaya ya kanisa hufanya mazoezi hapa Jumamosi hiyohiyo, na kiongozi wake ni Mama Waruguru, anayeuza nduma sokoni Juja, ambaye hajawahi kumnyima mtu msaada wala ushauri. Tulimweleza shida yetu.

"Mnataka watu wangapi?"

"Ishirini na watatu."

"Wafanye nini?"

"Wakae tu, mama. Na wakiulizwa kitu, waseme 'hai'."

"Hiyo ni nini?"

"Ni ndiyo."

Mama Waruguru alifikiri kidogo. "Kwaya yangu kusema ndiyo pamoja," akasema, "itahitaji mazoezi."

Mwalimu Ndanu alikuwa ameenda Ruiru kumpokea Bwana Tsuda. Alipomleta na kufungua mlango ule pale, alikuta vichwa thelathini na vinne. Tulimwona midomo ikihesabu. Alitutazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa aliangalia daftari. Lakini mgeni alikuwa ameshaingia, na Mwalimu si mtu wa kuaibisha watu mbele ya mgeni. Akashika chaki.

Bwana Tsuda aliuliza kwa Kijapani kama tunafurahia masomo. Kwaya ikajibu, "Hai!" Akauliza kama masomo ni magumu. "Hai!" Akamgeukia Muthoka, fundi wa kuchomelea vyuma na mwimbaji wetu wa besi, akamuuliza amekula nini asubuhi. Muthoka alisimama, akavuta pumzi kama anayeanza pambio, akasema, "Hai." Sauti ilitoka chini kabisa, madirisha yakaitika.

Hapo Bwana Tsuda akafunga daftari lake. Akauliza polepole, "Je, kuna yeyote hapa ambaye haelewi ninachosema?"

Watu ishirini na watatu walijibu "Hai!" kwa sauti nne, soprano, alto, teno na besi, na wakamalizia pamoja. Tunakiri, mgeni rasmi, kwamba ilipendeza.

Katika ripoti yake Bwana Tsuda aliandika kwamba darasa letu "lina umoja wa kipekee." Tunakuomba usimwadhibu. Hatujui alijua nini. Tunajua tu kwamba akipanda gari alimuuliza Mama Waruguru, kwa Kiswahili safi, "Mama, Jumapili mnaimba saa ngapi?"

Mwalimu Ndanu hakutugombeza. Alifuta ubao, akachukua mkoba, akaondoka bila kusema kwaheri kwa lugha yoyote. Ilituuma kuliko kugombezwa.

Jumanne iliyofuata tulifika tukiwa kumi na mmoja na aibu zetu. Kabla ya somo, mlango ukafunguliwa. Ni Mama Waruguru, na nyuma yake kwaya nzima.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimedanganya ndani ya nyumba ya Mungu kwa neno moja, na lugha yenyewe siijui. Haya, nifundishe hayo mengine, ili lile lisibaki uongo."

Mwalimu alimvutia kiti. Kisha akasema, "Mama, kaa. Tunaanza na a, i, u, e, o."

MAFANIKIO

Wanakwaya hao walikuja kutubu wakabaki kusoma. Tangu Agosti wamejifunza herufi za hiragana na katakana, na wanne kati yao wameandikishwa kwa mtihani wa Kijapani wa ngazi ya kuanzia. Muthoka alimwandikia Bwana Tsuda barua kwa mkono wake mwenyewe kumjulisha kwamba asubuhi ile alikula githeri ya jana. Alijibiwa. Barua ya majibu ameibandika karakanani kwake, na wateja hudhani ni leseni.

Matamshi yetu pia yamesifiwa. Sisi tuliozaliwa na Kikuyu tumechekwa maisha yote kwa sababu ya l, na wenzetu Wakamba wamechekwa kwa sababu ya r. Kijapani kina sauti moja tu iliyokaa katikati ya hizo mbili. Mkikuyu anaifikia kutoka upande huu na Mkamba upande ule, na hakuna wa kumcheka mwenzake.

CHANGAMOTO

Wazee wawili wa kanisa waliuliza tunamwinamia nani. Mama Waruguru aliwauliza wao humsalimiaje mama mkwe, na kikao kikafungwa kwa sala.

Kamusi ni moja, na hukaa kwa Mzee Kahiga kwa sababu hakuna anayethubutu kuidai.

Changamoto kubwa ni hii. Barua yenu ilipofika Januari, ikisema kwamba Mwalimu amechaguliwa kwenda Osaka, tulipiga vigelegele. Yeye aliisoma akaiweka mezani.

"Siendi," akasema. "Sitapanda ndege kwa mgongo wa kwaya."

"Lakini sasa tunasoma kweli, Mwalimu!" Ciku akamwambia, na alikuwa karibu kulia.

"Siku ile mlikuwa hamsomi. Mgeni akija, mwambieni. Mbele ya watu, kwa risala, bila kuficha. Akisema niende, nitaenda. Akisema nibaki, tutaendelea na sura ya tisa."

Tulimbembeleza mwezi mzima. Tulimtuma Pasta. Pasta alirudi akisema Mwalimu ana haki, na kwamba yeye pia angependa kujua ni nani aliyeruhusu ukumbi wake utumike vile. Ndiyo sababu, mgeni rasmi, leo umesikia uliyoyasikia. Wewe umekuja na zawadi, nasi tumekupokea kwa ungamo. Tusamehe. Kosa ni letu sote isipokuwa yule aliyeketi kushoto kwako akiangalia viatu vyake.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi saba. Sita tumeyafuta.

Wanakwaya watano wametuacha. Wawili waliolewa wakahama, mmoja yuko Qatar na sasa anasoma Kiarabu, na akina dada wawili walisema maandishi haya ni kuku amepita kwenye matope. Ukijumlisha na kutoa, tumebaki ishirini na tisa. Sharti lenu ni thelathini.

Hatutakudanganya kwamba hatukufikiria. Jana Eddie alisema binamu yake Kagwe anaweza kukaa nyuma leo na shati jeupe, asiseme neno. Tukaanza kuulizana kama shati hilo limepigwa pasi. Kisha Mama Waruguru akasema, "Aje Jumanne kama anataka kusoma. Leo tuhesabiwe tulivyo."

Basi tuko ishirini na tisa. Tusimamishe mmoja mmoja, umchague wewe mwenyewe, umuulize lolote kwa Kijapani. Atakayeshindwa atasema ameshindwa, nalo neno hilo tumelisoma. Ukiridhika, tunakuomba umpe Mwalimu Ndanu barua yake kwa mkono wako, kwa sababu kwetu sisi ameikataa mara nne. Usiporidhika, pilau bado ni yako, na Jumanne tutakuwa hapa saa kumi na moja jioni.

Mungu akulinde barabarani, awalinde walioko nyumbani kwako, na ampe Bwana Tsuda maisha marefu na kazi ya kudumu.

Ni sisi, ishirini na tisa kamili,
Darasa la Kijapani la Theta na Ruiru.

Imesomwa na Idah Wamboi, Katibu, ambaye sasa anaomba kuketi.