Doa la Midomo Kwenye Picha ya Nyika

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha giza, Zinaida Arkadyevna Poluyan anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Aprili 1999.

Alikuja kwenye maabara yetu ya filamu akiwa na miaka ishirini na mmoja. Gizani, upande wenye dawa wa filamu tuliutambua kwa kuugusisha mdomoni: unaonata ndio wenyewe. Kwa hiyo kanuni ilikuwa kutopaka rangi ya mdomo, na kunawa midomo kwa sabuni kabla ya kuingia. Vijana walimtania, "Zina, mchumba wako filamu hajambo?" Akawajibu, "Hajambo, na hanuki pombe kama nyinyi." Amefundisha wafanyakazi arobaini na mmoja, wengine sasa ni wakubwa wake.

Katika mojawapo ya safari zetu za mwanzo angani, wanaanga wawili walirudi na picha za mashamba ya ngano ya nyika, zilizosubiriwa na wataalamu wa kilimo. Picha moja ilitoka na doa lenye umbo la midomo, na haikuwezekana kuipiga tena. Zamuni tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Nje ya mlango wa kamati iliyochunguza doa hilo aliniambia, "Gleb Tikhonovich, wewe una watoto watatu na unangojea kupewa nyumba ya serikali. Mimi nina paka." Akaingia, akasema doa ni lake.

Halikuwa lake. Mchana ule nilikula soseji ya mafuta nikarudi kazini mbio, bila kunawa. Yeye akaandikiwa karipio, na mara mbili akanyimwa ukuu wa zamu. Mimi nikapata nyumba, kisha maabara nzima.

Sasa madaktari wananihesabia wiki. Nimemwandikia mkurugenzi, na karipio lile limehamishiwa kwenye jalada langu. Juzi Zinaida alipokuja kunitazama nilimwambia nataka kuandika haya. Akacheka. "Andika. Mama ana miaka themanini na mmoja, na mpaka leo nikimaliza kula ananiambia, 'Zinochka, nawa midomo.'"

Tunamshukuru kwa kazi safi isiyo na doa hata moja. Upumzike kwa raha, Zinaida Arkadyevna. Na atakayesoma haya ukumbini apaze sauti: mama yake atakaa safu ya mbele, na masikio yake ni mazito.