Philomena Tluway, Aliyemsindikiza Mwanawe Kituoni

Baba Paroko, katekista wetu, mheshimiwa diwani, wazee wetu shikamooni, majirani wa Endagikot na ninyi mliotoka Dongobesh, Katesh na Masakta, Wakristo na Waislamu, poleni na safari na poleni na msiba. Mimi ni Modest Tluway, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, kazi ambayo ningependa apewe mwingine, lakini shemeji yangu Nikolausi alisema mimi ndiye niliyekaa naye mahakamani, hivyo nisome mimi.

Marehemu dada yetu Philomena Tluway alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 hapa hapa Endagikot, akiwa mtoto wa pili wa mzee Tluway na mama Veronika, ambao wote wametangulia mbele ya haki, na alibatizwa mwaka huohuo wakati kanisa letu lilikuwa bado la udongo na nyasi. Alianza darasa la kwanza mwaka 1967, akamaliza la saba mwaka 1973, na ingawa alikuwa na akili ya kuendelea, baba aliugua miguu mwaka ule, ng'ombe wakakosa mtu, naye akabaki nyumbani akachunga na kulima bila kunung'unika mbele yetu, japo mama alituambia baadaye kwamba alilia siku wenzake walipoondoka kwenda sekondari.

Tarehe 21 Juni 1980 alifunga ndoa takatifu na ndugu Nikolausi Margwe, fundi seremala, na Mungu akawajalia watoto wanne, mmoja akaitwa mbinguni akiwa mchanga, wakabaki Marieta, Basili na kitinda mimba Renatus, aliyezaliwa mwaka 1993 wakati mama yake akidhani amekwisha kuzaa. Alilima ngano, maharage na baadaye vitunguu saumu, alifuga, na kuanzia mwaka 2004 alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la kata, akakaa humo miaka mingi akisuluhisha mipaka ya mashamba, ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya watu na waume waliosahau wake zao, na wengi mlioketi hapa mliwahi kusimama mbele yake, wengine mkashinda, wengine mkashindwa, na mlioshindwa bado mlimwamkia njiani.

Ndugu waombolezaji, hapa ningeweza kuruka hadi kwenye ugonjwa, na wapo waliokuja jana kunishauri hivyo, lakini kila mtu hapa anajua habari hii kwa namna yake, na namna nyingine si za kweli, kwa hiyo familia imekubaliana isomwe kama ilivyokuwa.

Renatus alipata leseni ya magari makubwa mwaka 2018, akaajiriwa na bwana Idrisa, mfanyabiashara wa Dongobesh ambaye yuko nasi hapa, kuendesha lori la tani kumi na tano lililobeba vitunguu saumu na mahindi kutoka Mbulu kwenda Singida na mbele zaidi. Alikuwa dereva mzuri wa mikono, hilo hata polisi walilisema, ila alipenda mwendo, na mara mbili trafiki walimsimamisha kwenye barabara ya Katesh wakamwandikia faini, akalipa kwa simu, akarudi nyumbani akicheka, na mama yake alimwambia mbele yangu, "Risiti ya faini siyo kibali cha kukimbia tena, Renatus." Bwana Idrisa naye alifunga kwenye lori kile kifaa kinachotuma mwendo wa gari kwenye simu, akampigia mara kadhaa kumwonya, na Renatus akawa anajibu kwamba mlima wa Dareda unamchelewesha, lazima afidie kwenye lami.

Jumamosi tarehe 12 Agosti 2023, saa kumi na mbili jioni, jua likiwa halijazama, Renatus alipita Masakta, mahali penye nyumba na kibao cha hamsini, akiwa na mwendo wa tisini na moja, lori limejaa. Pembeni ya barabara alikuwepo Alfredi Lohay, mkulima wa hapo Masakta, akisukuma baiskeli yenye gunia la mbaazi, na lori liliyumba kumkwepa ng'ombe, likamgonga. Renatus alisimama mbele kidogo, akatazama kwenye kioo, akaona watu wanatoka majumbani, akaogopa kupigwa, akaondoka, na alipofika mbali aliliacha lori kando ya barabara akatembea kwa miguu. Alfredi hakufa palepale, aliita jina la mkewe, majirani wakahangaika kutafuta gari la kumfikisha hospitali, na lilipopatikana alikuwa amepoteza damu nyingi, akafia njiani.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, dada alibaki nyumbani kwa sababu ndama alikuwa anaumwa, na Renatus akaingia asubuhi akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Dada alimsongea ugali, akampa na maziwa, na alipokuwa anakula ndipo kijana akasema, "Mama, nimemgonga mtu." Dada alimuuliza swali moja tu, "Ulisimama?" Renatus akaendelea kutazama sahani, na mama yake akamwacha amalize chakula, akaingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la kanisani na kitenge cha wanawake wa parokia, akasema, "Nawa mikono, twende kituoni."

Shemeji Nikolausi alikuwepo, na yeye mwenyewe ameruhusu niyasome maneno yake. Alitaka kijana apelekwe kwa ndugu yetu mmoja huko machimboni Kahama mpaka mambo yapoe, akasema, "Philomena, umezoea kuhukumu watu, sasa unataka kuhukumu hata mtoto wako." Dada akajibu, "Ni mtoto wangu, ndiyo maana naenda naye, sijasema aende peke yake."

Wakatoka. Ilikuwa saa ya watu kutoka misa, na walipita katikati yao, mama mbele na mwana nyuma, watu wakisalimia na yeye akiitikia kila salamu, mpaka wakafika kituo cha polisi mjini Mbulu, akamwambia askari wa zamu, "Huyu ndiye dereva mnayemtafuta wa Masakta, mimi ni mama yake." Askari alimpa kiti, akakataa kukaa mpaka mwanawe alipoandikisha maelezo, na jioni Renatus alipelekwa Katesh.

Kesi ilifunguliwa katika mahakama ya wilaya, kwa mashitaka ya kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari, kuzidisha mwendo uliowekwa, na kutosimama kutoa msaada baada ya ajali. Mwanzoni Renatus alikana, akasema breki zilikatika, kwa sababu mahabusu wenzake walimwambia breki ndiyo kinga ya kila dereva. Lakini mkaguzi wa magari alieleza kwamba breki zilikuwa nzima, na bwana Idrisa, ambaye angeweza kunyamaza, alikuja na kumbukumbu za kile kifaa zikionyesha mwendo wa lori tangu Dareda. Siku ile tulipotoka nje ya mahakama dada alimsogelea mwanawe pale askari walipomruhusu, akamwambia kwa Kiiraqw, maneno ambayo hapa nayasema kwa Kiswahili, "Sikukuleta ili uje useme uongo penye watu wengi zaidi." Kesi ilipoitwa tena Renatus alisimama akabadili jibu, akakiri makosa yote.

Tarehe 14 Machi 2024 hakimu alitoa hukumu. Alisema kwamba anazingatia kijana kukiri na kuletwa na mzazi wake, lakini dereva wa gari zito anabeba uzito ambao hauwezi kusimama ghafla, na aliyekwisha kuonywa mara mbili hawezi kusema hakujua, na kwamba kumwacha mtu barabarani akiwa hai ni kosa lililo zito kuliko hata mwendo wenyewe. Akamhukumu kifungo cha miaka mitatu bila faini, na kumzuia kushika leseni ya gari lolote kwa miaka mingine mitatu baada ya kutoka. Shemeji Nikolausi alitoka kabla hakimu hajamaliza, dada akabaki amesimama mpaka Renatus aliposhushwa kwenye ngazi.

Nje, kwenye korido, tulikutana na Letisia, mjane wa Alfredi, ambaye dada alikwisha kumpelekea mahindi ya rambirambi, akiwa na watoto wake wawili. Dada alitaka kumpigia magoti, Letisia akamzuia, akasema, "Mama, shikamoo, lakini sitaki mahindi yenu wala pole zenu, na usije kwangu mpaka nikuite mwenyewe." Dada akaitikia shikamoo yake, akasema, "Nimesikia, mwanangu." Hakwenda tena. Kila alipopita Masakta akielekea gerezani kumwona Renatus, alishuka kwenye gari kabla ya hapo, akapita kwa miguu na kichwa amekiinamisha, kisha akapanda gari jingine mbele, na kondakta mmoja aliwahi kuniuliza kama huyu bibi ana nadhiri.

Nyumbani hakukuwa na amani. Shemeji aliacha kula chakula alichopika mkewe, akala kwa Basili, na walipotaka kuambiana kitu waliwatuma wajukuu. Wapo majirani waliosema mama gani anamfunga mtoto wake, na wapo waliomsifu mbele ya watu kana kwamba ni mtakatifu, na yeye aliwachukia wote sawasawa, akaniambia, "Modest, hawa wanaonisifu hawajui kwamba kila ninapofunga mlango namsikia akinawa mikono." Alijiuzulu baraza, akasema hawezi tena kumwambia mtu lipa.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2025 alianza kushindwa kumeza, kwanza ugali, baadaye hata uji, na vipimo vya hospitali ya rufaa vikaonyesha saratani ya koo ikiwa imekwisha kusambaa. Nasema hili kwa sauti kwa sababu yamesemwa maneno kwamba ni machozi ya Renatus yaliyomkaba, na madaktari wameniambia, nami nawaambia, ugonjwa huu unawashika watu wengi wa nyanda hizi, wenye watoto gerezani na wasio nao, na atakayeendelea na maneno hayo ayaseme mbele yangu.

Shemeji Nikolausi ndiye aliyemuuguza. Alimchemshia maziwa, alimgeuza kitandani, alimfulia, na siku moja Marieta aliwakuta wanazungumza wenyewe bila mjukuu katikati. Nilipomwonyesha maandishi haya aliniomba nisiandike kwamba waliishi kwa upendo na amani siku zote za ndoa yao, maana marehemu angekasirika, bali niandike kwamba waligombana sana kwa ajili ya mtoto wanayempenda wote wawili, na kwamba hawakumaliza ugomvi huo, waliuacha tu kwa sababu muda ulikuwa mdogo.

Mwezi Julai, dada akiwa amelazwa, Letisia alifika wodini, hakuna aliyemwita. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, sijasamehe, nisikudanganye. Nimesikia unaumwa, nimekuja kumwona mgonjwa." Dada, ambaye sauti ilikuwa imebaki kidogo sana, alimwonyesha kiti, akamuuliza watoto wanasoma darasa la ngapi, Letisia akamwambia, na wakakaa hivyo mchana ule, mmoja akimshikia mwenzake kikombe. Alipoondoka dada aliniambia, "Amekuja na ukweli wake, inatosha."

Alifariki dunia Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa amepokea sakramenti ya wagonjwa, na shemeji akiwa ameshika miguu yake. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Alhamisi nilikwenda gerezani kumpa Renatus habari, kwa kuwa haikuwezekana awe nasi leo. Akasema, "Mjomba, nilimchukia njia nzima siku ile, na nilipofika kituoni nilitamani asiondoke." Akaniomba niwaambie madereva wenzake watakaokuwepo, na nawaona mmeegesha malori yenu kule chini kanisani, kwamba mwendo alikuwa na sababu nyingi za kuueleza, fundi, mlima, tajiri, soko, lakini kwamba aliangalia kwenye kioo akamwona Alfredi anasogeza mkono, na hana sababu hata moja ya kueleza hilo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia dada yetu hapa Mbulu na kwenye rufaa, jumuiya na akina mama wa parokia waliokuwa wakileta maziwa na kuni bila kutumwa, wajumbe wenzake wa baraza waliochimba kaburi kwa mikono yao, askari magereza waliomruhusu akae na mwanawe hata muda ulipokwisha, bwana Idrisa na wenzake wa Dongobesh kwa turubai na usafiri, na Letisia Lohay, aliyekuja asubuhi hii na basi la kwanza, ambaye simshukuru kwa lolote zaidi ya kuja, maana hakututaka tumshukuru.

Dada Philomena, ulituambia usiombewe kama mtu aliyefanya vizuri, uombewe kama mtu aliyefanya alichoweza, na tumefanya hivyo. Renatus atatoka mwakani, akipunguziwa kifungo kwa tabia njema, tutamsubiri getini mimi na baba yake, na hatatembea peke yake. Lala sasa, dada yetu, kwa amani ambayo hapa hukuipata.